Maneno Mafupi Penye Lugha Nyingi: Mifano kutoka Kamanyola

Utangulizi

Kamanyola ni mji mdogo katika bonde la mto Ruzizi, kusini mwa Bukavu, jimbo la Kivu Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mpaka wa Rwanda uko karibu nao, na ule wa Burundi hauko mbali. Kiswahili hukutana hapo na Mashi, Kifuliiru, Kinyarwanda, Kirundi, Lingala iliyoenezwa kwa sehemu kubwa na jeshi, na Kifaransa ambacho ni lugha rasmi ya nchi. Katika mazingira kama hayo neno refu la kigeni halileti hatari kubwa: asiyelijua huuliza. Linalopotosha ni neno fupi la silabi moja, kwa kuwa kila asikiaye hudhani analijua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kufanana kwa maneno hayo kuna asili tatu tofauti, na kwamba kuzichanganya asili hizo kunaweza kumdhuru mgonjwa, shahidi na mwanafunzi.

Uchache wa silabi

Lugha yenye irabu 5 na konsonanti 15, kwa mfano, haiwezi kuunda zaidi ya silabi 75 za konsonanti moja na irabu moja. Ndani ya akiba hiyo ndogo lugha hutafuta viunganishi, vihusishi, viwakilishi na viambishi vyake. Hivyo basi, lugha mbili zisizo na undugu wowote hazina budi kugongana mara kwa mara. Aidha, Kinyarwanda na Lingala hutofautisha maana kwa toni, ambayo kwa kawaida haiandikwi. Maneno yanayotofautiana masikioni huweza kuonekana pacha kwenye karatasi.

Asili ya kwanza: urithi

Neno *na*, lenye maana ya kuunganisha au kuandamana, limo katika Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi. Hakuna aliyeliazima kwa mwenziwe. Wote wamelirithi kutoka katika Mame-Bantu, lugha ya kale ambayo wataalamu wameiunda upya kwa kulinganisha lugha zilizopo. Neno *si* la kukanusha ni la namna hiyo pia: Mswahili husema *si mwalimu*, na Mnyarwanda *si umwarimu*.

Hata hivyo, urithi nao una mitego. Katika Kinyarwanda, *umwana we* ni mtoto wake yule anayezungumziwa. Msemaji wa Kiswahili huweza kusikia *we* kama kifupi cha *wewe*, akadhani anayetajwa ni yeye aliye mbele ya msemaji. Lakini Kiswahili sanifu kinayo maumbo *mwanawe*, *mkewe* na *mumewe*, ambamo *-we* ina maana ileile ya Kinyarwanda. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Kongo ya mashariki maumbo hayo ni nadra, kwani watu husema *mutoto yake*. Hivyo daraja lililokuwapo kati ya lugha hizo mbili halionekani kwa wengi. Katika ushahidi, tofauti ya "wako" na "wake" ni tofauti ya mtuhumiwa na asiyekuwapo.

Asili ya pili: ujirani

Kiswahili sanifu husema *mtoto wa mwalimu*, *kitabu cha mwalimu*, *nyumba ya mwalimu*. Katika mazungumzo ya Kivu, *ya* huelekea kutumika kwa ngeli zote: *mutoto ya mwalimu*, *kitabu ya mwalimu*. Lingala nayo hutumia *ya* moja isiyobadilika. Ni rahisi kuhitimisha kwamba hapa Kiswahili kimeiga Lingala, lakini hoja hiyo haitoshi. Lugha zote mbili zilienea kwa biashara na utawala miongoni mwa watu wenye lugha mama nyingine, na katika hali hiyo upatanisho wa ngeli hupungua kwa urahisi. Njia mbili zaweza kufika mahali pamoja.

Athari ya jirani iko wazi zaidi katika *mu*. Wasemaji wengi wa huko husema *mu nyumba* badala ya *nyumbani*, kama Mnyarwanda asemavyo *mu nzu*. Mwalimu anayelifuta neno hilo kwa wino mwekundu ana haki kwa kipimo cha usanifu. Lakini akimwambia mtoto kwamba *mu* si Kiswahili kabisa, amekosea, kwa maana Kiswahili sanifu chenyewe kina *humu*, *mumo* na *nyumbani mwangu*. Mtoto hakubuni kosa. Ametumia kiungo cha zamani cha Kibantu kwa namna ambayo usanifu haukuichagua.

Asili ya tatu: sadfa

Lingala huweka *te* mwishoni ili kukanusha: *nayebi te*, yaani sijui. Kinyarwanda huuliza *bite?*, ambamo *-te* huulizia hali au namna. Kifaransa kina *te*, kiwakilishi cha nafsi ya pili kinachotendwa. Matatu hayo hayana uhusiano wa maana, na hata matamshi ya lile la Kifaransa ni mengine.

Hatari zaidi ni *si*. Kifaransa kina *si* ya sharti, yenye maana ya "kama", na *si* ya kuitikia. Ya kwanza imetokana na *si* ya Kilatini na ya pili na *sic*. Hii ya pili hulipinga swali la kukanusha. Mgonjwa akiulizwa kwa Kifaransa kama hakunywa dawa, akajibu *si*, maana yake amekunywa. Akiulizwa kwa Kiswahili, "Hukunywa dawa?" akajibu "Ndiyo", maana yake hakunywa. Anayezichanganya lugha hizo mbili aweza kupewa dozi mara ya pili, au asipewe kabisa.

Hitimisho

Mifano hii yaonyesha kwamba ufupi wa neno hauthibitishi wepesi wake, na kwamba mfanano wa sauti peke yake hauthibitishi undugu wa lugha. Ushahidi wa undugu hutokana na mfumo: maneno mengi yanayolingana kwa kanuni, pamoja na ngeli na viambishi vyake. Kwa upande wa matumizi, mkalimani au muuguzi wa mpakani afadhali aulize bila kukanusha, "Umekunywa dawa?", kisha adai jibu la sentensi nzima: "Nimekunywa" au "Sijanywa". Maneno hayo ni marefu zaidi, lakini hayaachi shaka.