Ukihama, Barua Zako Zinabaki Wapi?

Wiki hii katibu wa chama chetu cha kuweka na kukopa, mama mtu mzima asiye mwepesi wa kulalamika, aliniuliza: "Mwanangu, barua zangu za miaka sita zimekwenda wapi?" Anwani yake ya baruapepe ni ile ile, sanduku linafunguka, lakini ndani ni jeupe kabisa. Humo ndimo yalimokuwa makubaliano yetu ya kiwanja na risiti za muuzaji.

Kisa chenyewe ni hiki. Tulihama kutoka kampuni moja inayotunza baruapepe kwenda nyingine ya bei nafuu. Kijana tuliyempa kazi aligeuza njia ya barua, akachukua ujira wake, akaenda zake. Mwezi ulipokwisha, kampuni ya zamani ikafuta kila kitu, maana hatukulipa tena.

Jina lililo nyuma ya alama ya @ halisemi barua zimelala kwenye mashine gani. Katika daftari la majina ya intaneti kuna mstari uitwao MX, unaowaambia watumaji: barua za jina hili zipelekeni kwenye seva fulani. Ukiubadilisha, umegeuza barua zijazo tu. Zilizokwishafika hazisogei hata inchi moja! Hizo lazima mtu azinakili, folda kwa folda, akiwa na ufunguo wa masanduku yote mawili. Zipo programu za kazi hiyo, kama imapsync, ambayo hulinganisha huku na kule na kupeleka zile zilizopungua. Hata ukiirudia, haileti nakala mbili mbili.

Kwa hiyo fundi mzuri hufungua kwanza masanduku mapya, akanakili za zamani, hata kazi ikikesha. Siku mbili tatu kabla ya kuhama hutazama pia muda ambao mashine nyingine huukumbuka ule mstari wa MX. Mara nyingi ni sekunde 86,400, yaani siku nzima. Yeye huupunguza hadi 300. Ndipo hugeuza njia, kisha hunakili mara ya pili, kwani zipo barua zilizoingia kwa zamani wakati wa kuhama. Mwisho huhesabu. Kama huku zipo 4,200, kule ziwe 4,200. Sanduku la zamani huachwa wazi wiki kadhaa, na ada yake si ya kuionea uchungu.

Watu huogopa barua kupotea njiani siku ya kuhama. Hofu hiyo ni ndogo. Seva inayotuma ikikuta mlango umefungwa hujaribu tena, na kanuni ya mwaka 2008 inaitaka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5.

Mweka hazina wetu, ambaye tulikuwa tukimcheka kwa kompyuta yake kuukuu, alikuwa akitumia utaratibu wa zamani uitwao POP, unaoshusha barua mpaka kwenye kompyuta ya mtu. Kwake tulikuta nakala za risiti 9. Katibu alisoma zake kwa simu tu, na simu ilipounganishwa na seva mpya ikaonyesha kilichokuwamo huko: hakuna kitu.

Jumamosi tunakwenda kwa muuzaji na hizo risiti 9. Makubaliano yenyewe hayamo.