Moja ya kumi inavyoishinda kompyuta

Mwaka 1981 kampuni ya Sinclair ya Uingereza iliingiza sokoni ZX81, kompyuta ndogo nyeusi ya nyumbani iliyouzwa chini ya pauni 70 na kuunganishwa na televisheni ya sebuleni. Baadhi ya zile za mwanzo zilitoka na kasoro ya ajabu. Ukiziuliza kipeuo cha pili cha 0.25, ambacho mwanafunzi wa sekondari anajua ni 0.5, zilijibu 1.3591409. Hilo si kosa la desimali ya mwisho. Jibu limezidi karibu mara tatu. Sinclair ikalazimika kubandika saketi ya ziada ndani ya mashine ili hesabu ikae sawa.

Kasoro ile ilikuwa ya kiwanda, ikarekebishwa, ikasahaulika. Iko nyingine isiyotokana na uzembe wa mtu yeyote, na imo hata kwenye simu uliyonayo mfukoni.

Kompyuta huandika kila namba kwa sifuri na moja tu. Nusu, robo na thumni zinaandikika bila taabu. Moja ya kumi haiandikiki: inakuwa 0.000110011001100, na kundi hilo la 0011 linaendelea kujirudia bila kikomo. Sisi wenyewe tunasumbuliwa vivyo hivyo na theluthi. Gawa shilingi 100 kwa watu watatu, kila mmoja apate 33.33, kisha zikusanye: zinarudi 99.99, na hakuna aliyeiba. Ila theluthi tumeshaizoea. Moja ya kumi hatuitilii shaka, na humo ndimo hatari ilimo.

Kwa kuwa namba haina mwisho, lazima ikatwe mahali. Ikatwe wapi? Katika kompyuta za nyumbani za miaka ile, jibu lilitegemea kumbukumbu, nayo ilikuwa haba mno. ZX81 yenyewe ilikuja na kilobaiti moja tu ya kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kichakataji chake, Z80, hakikuwa hata na amri ya kuzidisha. Kila hesabu ya desimali ilifanywa hatua kwa hatua na programu iliyohifadhiwa ndani ya mashine. Mtangulizi wake, ZX80, ilikwepa tatizo zima kwa kukataa desimali. Saba gawanya kwa mbili uliambiwa ni 3, basi, na namba kubwa kuliko zote ilikuwa 32,767.

Wengine walitafuta namna ya kubana. Bill Gates na Paul Allen walipoandika lugha ya BASIC kwa ajili ya kompyuta ya Altair mwaka 1975, sehemu ya hesabu za desimali walimwachia mwanafunzi wa Harvard, Monte Davidoff, na kila namba ikapewa baiti nne. Baadaye Commodore 64, Apple II na hata ZX81 zilitumia baiti tano, zinazotosha kwa tarakimu tisa hivi. Atari ikapita njia yake: kila tarakimu ilihifadhiwa kama tulivyoiandika sisi, kwa mfumo wa kumi, hivyo 0.1 ikabaki 0.1 kamili. Gharama yake ni mwendo wa kobe. Kwa mwenye duka anayepiga hesabu za fedha, naamini Atari ndiyo iliyofanya jambo la busara, hata kama watoto waliokuwa wakicheza michezo hawakujali.

Vurugu hiyo ya kila mashine na jibu lake ilimkera William Kahan, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1985 kanuni alizozipigania zikawa kiwango kinachoitwa IEEE 754, na miaka minne baadaye akapewa Tuzo ya Turing. Leo kompyuta karibu zote zinakifuata, kwa kawaida kwa biti 64 kwa kila namba. Hata hivyo, kosa halikuondoka. Limedogoshwa tu, na sasa wote tunakosea kwa namna moja. Iulize lugha ya Python 0.1 + 0.2, itakujibu 0.30000000000000004.

Kidogo hicho kikirudiwa mara nyingi, kinaua. Februari 25, 1991, katika Vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa kutungua makombora ulikuwa Dhahran, Saudi Arabia. Saa yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi ilikuwa imekatwa kwenye biti 24. Kila hesabu ilipoteza sekunde 0.000000095. Mtambo ulikuwa umewashwa takriban saa 100 mfululizo, yaani hesabu 3,600,000, na upotevu ukafika theluthi ya sekunde. Katika muda huo kombora la Scud linakwenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama mahali pasipo na kitu, na askari 28 wa Marekani wakafa kambini. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran siku iliyofuata.

Soko la Hisa la Vancouver, Kanada, halikuua mtu, lakini liliaibika. Faharisi yake ilianza mwaka 1982 ikiwa 1,000. Kila ilipokokotolewa upya, maelfu ya mara kwa siku, tarakimu zilizozidi desimali tatu zilikatwa badala ya kukadiriwa. Novemba 1983 ilisomeka 524 na ushei. Ilipokokotolewa vizuri ikaonekana ilipaswa kuwa 1,098 na ushei.

Kwa hiyo, ninyi mnaoandika programu za vikoba, za ada za shule na za mauzo ya duka: fedha zihifadhiwe kwa senti, kama namba nzima. Shilingi 1,500.10 iandikwe 150010, na nukta iwekwe wakati wa kumwonyesha mteja tu. Senti hatuzishiki tena mkononi, lakini riba na tozo bado zinazizalisha kila siku.