Nani Anakula Mbolea Yako?

Ndugu mkulima wa Majimoto,

Umenunua mfuko wa mbolea. Umetoa fedha nyingi. Umeubeba mpaka shambani na kuimwaga mbolea ndani ya jaruba. Je, nani ameila? Ni mpunga wako, au imekwenda na maji?

MMEA HUNYWA CHAKULA CHAKE

Mmea hauwezi kula mbolea kavu. Ni lazima iyeyuke kwanza katika maji. Ndipo mizizi huinywa.

Wenzetu wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanalima mwani baharini tangu mwaka 1989. Wengi wao ni wanawake. Mwani haunywi chakula kwa mizizi. Hukinywa katika maji ya bahari kwa mwili wake wote. Ukikosa chakula hupauka na kukua polepole.

Lakini mbolea ikimwagwa baharini, mawimbi huichukua. Wakulima wa mwani wa China walitafuta njia. Walitia mbolea katika vyungu vya udongo, wakavitundika karibu na mwani. Mbolea ilivuja kidogo kidogo, nao mwani ukaila.

Hilo ni funzo kwetu pia. Mbolea iwe karibu na mmea, tena itolewe kidogo kidogo.

JARUBA LAKO

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Hicho ndicho chakula kinachotia majani rangi ya kijani. Ukiimwaga urea juu ya maji mengi, sehemu hupotea hewani. Sehemu nyingine hutoka na maji penye tuta bovu.

Basi fanya hivi:

1. Ziba matuta yote yanayovuja.
2. Palilia kwanza. Usilishe magugu.
3. Punguza maji, yabaki kidogo tu.
4. Gawa urea mara mbili. Weka ya kwanza mpunga unapotoa machipukizi. Weka ya pili unapoanza kutunga mimba.
5. Usiweke mvua kubwa ikikaribia.

IKIZIDI NI HASARA

Usidhani mbolea nyingi ni mavuno mengi. Mpunga ulioshiba kupita kiasi hurefuka, hulegea, kisha hulala chini. Punje huoza. Magonjwa nayo hupata nafasi.

Mbolea inayotoroka huelekea Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto wa kutolea maji. Mbolea ikizidi humo, hulisha ukoga wa kijani. Ukoga ukifa na kuoza humaliza hewa ya samaki majini.

Muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba kiasi kinachofaa udongo wako. Andika katika daftari siku uliyoweka mbolea, kiasi ulichoweka, na magunia uliyovuna. Mali bila daftari hupotea bila habari.

JADILINI

1. Kwa nini tunapunguza maji kabla ya kuweka urea?
2. Matuta ya majaruba yenu yanavuja wapi?
3. Mtayaziba lini?