PtrSafe si dawa ya makro

"Nimeshaweka PtrSafe kila mahali, mbona Excel bado inajifunga?" Swali hili limenichosha. Linakuja na picha ya skrini, bila mstari hata mmoja wa msimbo, na muulizaji keshaaminishwa na mwenzake wa ofisini kwamba hiyo ndiyo dawa.

Neno PtrSafe la VBA lilikuja na Office 2010, ya kwanza kuwa na toleo la biti 64. Toleo hilo hukataa Declare (tamko la fanksheni ya maktaba, yaani DLL) isiyo na neno hilo; ukiliweka, ujumbe wa kosa unatoweka, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Neno lenyewe halirekebishi chochote. Ni wewe unayeiapia VBA kwamba umeshakagua ukubwa wa data. Basi bovu halipati breki kwa kubandikwa stika ya Nenda kwa Usalama. Long inabaki baiti 4. Anwani ya kumbukumbu kwenye biti 64 ni baiti 8. Ipokee kwa Long, na nusu yake imepotea.

Isitoshe, PtrSafe hukaa pale makro inapoiita maktaba. Maktaba inapoigeukia makro kwa anwani uliyoipa kupitia AddressOf, hakuna anayekagua vigezo vyako. Chukua EnumWindows, fanksheni ya Windows inayoiita fanksheni yako kwa kila dirisha. Umeandika:

Function Pokea(hwnd As LongPtr, lParam As LongPtr) As Long

Inapendeza, na ni mbovu. Pasipo ByVal, VBA huchukulia ByRef. Windows inaleta namba ya dirisha, tuseme 66312. VBA inaidhani anwani, inakwenda kusoma kumbukumbu isiyo yake, na Excel inakufa papo hapo. On Error haizuii kifo cha namna hiyo.

Basi fanya hivi. Weka ByVal kwa kila kigezo kinachopokea thamani yenyewe. Anwani na namba za madirisha ziwe LongPtr. Kwa biti 32, DLL itumie stdcall, si cdecl. Fanksheni inayoitwa na maktaba ikae kwenye moduli ya kawaida, si ya klasi wala ya fomu. Weka On Error ndani yake, maana kosa la VBA halina njia ya kurudi kwenye maktaba. Maktaba isiiite kutoka uzi mwingine. Ukitumia SetTimer ya Windows kuita makro kwa vipindi, ita KillTimer kabla ya kubonyeza Reset kwenye kihariri cha VBA. Au achana nayo, Application.OnTime inatosha kwa kazi nyingi.

Bado inajifunga? Niletee tamko la fanksheni lilivyo kwenye C pamoja na lako la VBA. Picha ya skrini baki nayo.