Hesabu ya Vidonge vya Kichwa

Ingia duka lolote la Bute, kule Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, nawe utaona dawa ya kichwa ikiuzwa pamoja na sukari, majani ya chai na betri za tochi. Mteja akitaka vidonge vinne, mwenye duka hutwaa mkasi akamkatia, naye huenda zake. Karatasi ya maagizo hubaki sandukuni. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Dawa hiyo ni parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Ni dawa njema, nayo kwa kipimo chake hutuliza homa na maumivu. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya humeza kimoja au viwili, hungoja muda wa saa nne kwa uchache kabla ya kumeza tena, wala hapiti vidonge 8 kwa usiku na mchana. Aliyekonda sana, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe, yampasa kumwuliza mganga kwanza.

Wako wanaomeza viwili kwa ajili ya kichwa, kisha viwili vya mafua, wasijue ya kuwa dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake. Majina ni mawili, dawa ni moja. Wengine, katika mwezi wa Ramadhani, hukusanya vidonge vya mchana wakavimeza vyote wakati wa kufuturu. Saumu iliyokosekana hulipwa. Kidonge kilichokosekana hakilipwi.

Kwa watoto hesabu hufuata uzito: miligramu 10 hata 15 kwa kila kilo, wala si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 akipewa kidonge kizima cha mkubwa, amepewa zaidi ya mara tatu ya haki yake. Dawa ya maji nayo ipimwe kwa kipimo kilichokuja na chupa, si kwa kijiko cha chai.

Kinachowadanganya watu ni dalili. Ini likivunja dawa hii, sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu, na ini lina akiba ya kuizima. Vidonge vikizidi, akiba huisha, na sumu hulishambulia ini lenyewe. Siku ya kwanza mtu huona kichefuchefu tu, pengine hata hicho hakuna. Siku ya pili huonekana amepata nafuu, na jamaa humshukuru Mungu. Baadaye macho huwa ya manjano, na hapo ini limekwisha kuumia.

Iko dawa ya kuizuia sumu hiyo, iitwayo asetilisisteini, lakini hufaa zaidi ikitolewa kabla ya muda wa saa nane kupita tangu kumeza. Kwa mfugaji aliye mbali malishoni muda huo ni mfupi mno. Basi aliyezidisha asingoje kuugua. Apelekwe hospitali mara moja, na jamaa wachukue karatasi ya vidonge ilivyo na kukumbuka saa aliyomeza.

Uingereza, mwaka 1998, sheria ilipunguza idadi ya vidonge katika pakiti moja, ikawa 16 kwa maduka ya kawaida, na vifo vya dawa hii vikapungua. Mwenye duka wa Bute tayari huuza vichache kwa mkasi wake. Kilichobaki ni kumtajia mteja hesabu kabla ya kupokea fedha.