Sura ya Sita: Kisasi cha Hati na Rehani

Sebuleni, karibu na dirisha, imetundikwa kalenda ndani ya fremu. Kijana wa miaka 16, ambaye leo ametoroka kazi ya shamba, anamwita msichana aliyekua naye aje aitazame. Kila jioni ambayo msichana amekaa na marafiki zake wa jumba la kitajiri, ameiwekea msalaba. Kila jioni aliyokaa na yeye, ameiwekea nukta. Msichana anaudhika. Kwani akikaa naye anapata nini, anamuuliza, na mwenyewe hana hata maneno ya kumchangamsha mtu?

Wasomaji wengi hulipita tukio hili haraka wakiwahi mizuka. Mimi hulirudia kila ninapoisoma upya Wuthering Heights, kwa sababu hapo ndipo Heathcliff anapojitambulisha. Tumezoea kuambiwa kwamba ni mtu wa dhoruba na mapenzi ya kichaa. Ni kweli, ila kabla ya hayo yote ni mtunza hesabu.

Riwaya hiyo ya Emily Brontë ilitoka London Desemba 1847 kwa jina la bandia, Ellis Bell. Mwandishi alikuwa binti wa kasisi wa kijiji cha Haworth, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Alifariki tarehe 19 Desemba 1848 akiwa na miaka 30, na hakuacha riwaya nyingine.

Jadi aliyoirithi, ile ya Kigothi, tumeshaiona ilivyoanza mwaka 1764 kwa The Castle of Otranto ya Horace Walpole: ngome, unabii, na kofia ya chuma kubwa kupindukia inayomponda bwana harusi. Kila mtu anaikumbuka kofia. Kinachosahaulika ni kwamba bwana wa ngome ile anakalia mali ambayo babu yake aliipata kwa sumu na wasia wa kughushi. Mzuka wa Kigothi, tangu siku ya kwanza, ni mdai aliyekuja kudai chake. Emily Brontë aliiondoa ngome, akaweka nyumba ya mkulima juu ya kilima chenye upepo, lakini deni hakuligusa.

Deni linaanza na zawadi. Mzee Earnshaw anakwenda Liverpool kwa miguu, maili 60 kwenda na 60 kurudi, na kabla ya kuondoka anawauliza watoto wake wanataka awaletee nini. Hindley, wa miaka 14, anaomba fidla. Catherine, ambaye hajatimiza sita, anaomba mjeledi, maana hakuna farasi zizini asiyeweza kumpanda. Siku ya tatu usiku baba anarudi hoi na kulifunua koti lake: ndani kuna mtoto mwenye nywele nyeusi, amevaa matambara, anabwabwaja maneno yasiyoeleweka na yeyote. Alimwokota mitaani ana njaa. Fidla imevunjikavunjika ndani ya koti hilohilo, na mjeledi umedondoka njiani. Hindley analia. Catherine anamtemea mgeni mate.

Mtoto hajatenda kosa lolote, na tayari kila mmoja ana sababu ya kumdai. Anapewa jina la mwana wa nyumba hiyo aliyekufa akiwa mdogo, Heathcliff, na jina hilo moja ndilo la kwanza na ndilo la ukoo. Ameingia nyumbani bila kuingia katika ukoo. Asili yake riwaya haiitaji. Watu wanakisia tu: mara Mgipsi, mara mwana wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, mara masalia ya meli ya Kihispania au ya Kimarekani. Liverpool ya miaka ya 1770 ilikuwa bandari kuu ya Waingereza katika biashara ya watumwa, na wahakiki wengi wa leo hawaoni kwamba Emily aliuchagua mji huo kwa bahati tu. Andrea Arnold alipotengeneza filamu yake ya mwaka 2011 alimpa uhusika huo mwigizaji mweusi, James Howson.

Mzee akampenda mtoto wa kuokota kuliko mwanawe wa kumzaa, na kosa hilo alilipiwa na wengine. Alipofariki, Hindley akawa bwana wa nyumba, akamwondoa Heathcliff kwenye masomo na kumtupa shambani na vibarua.

Sasa turudi siku ile ya kalenda, maana Emily ameilundikia mambo ambayo mwandishi mwingine angeyagawa katika mwaka mzima. Alasiri hiyohiyo anakuja Edgar Linton, mrithi wa jumba lile la kitajiri, Thrushcross Grange, kijana mpole mwenye nywele za dhahabu, na kabla hajaondoka yeye na Catherine wameshakubaliana kuwa wapenzi. Baadaye Hindley anarudi amelewa chakari. Tangu mkewe afariki baada ya kujifungua, pombe ndiyo imekuwa mke. Anambeba mwanawe mdogo, Hareton, anapanda naye ngazi na kumning'iniza nje ya kizuizi. Anasikia hatua chini, anainama kutazama ni nani, mtoto anafurukuta, anamponyoka.

Aliye chini ni Heathcliff. Mikono inamtoka yenyewe, anamdaka mtoto, anamsimamisha sakafuni salama, kisha anainua macho kuona nani kamwangusha. Hapo uso wake unabadilika. Nelly Dean, mtumishi anayetusimulia karibu kisa chote, anamfananisha na bahili aliyeuza tiketi ya bahati nasibu kwa shilingi 5, akaja kusikia kesho yake kuwa imeshinda pauni 5,000. Angechelewa kidogo tu, adui yake angekuwa ameua mwana wake kwa mikono yake mwenyewe. Tazama Nelly alivyochagua mfano: pale ambapo mwingine angemwita shetani, yeye anamwona mtu aliyepata hasara.

Usiku, jikoni, Catherine anamweleza Nelly kwamba Edgar amemposa na amekubali. Anakiri kwamba kuolewa na Heathcliff, kwa jinsi Hindley alivyomshusha, kungemshusha na yeye. Heathcliff yuko kwenye benchi gizani, na anaposikia neno hilo anatoka kimyakimya. Lililofuata halisikii: kwamba Catherine hatofautishi nafsi yake na ya Heathcliff, na kwamba sehemu ya nia yake ni kuzitumia fedha za Edgar kumkwamua. Ni hesabu ya kitoto, na pia ni ya msichana asiye na hata shilingi yake mwenyewe. Heathcliff anapotea usiku huo katika mvua ya radi kwa miaka mitatu.

Anaporudi ana fedha, ana adabu za kibwana, na hasemi alikozipata. Emily naye hasemi. Kuanzia hapa filamu nyingi huchoka. Ile maarufu ya William Wyler ya mwaka 1939, yenye Laurence Olivier, iliukata kabisa upande wa watoto, na tangu wakati huo dunia imeamini kwamba hiki ni kisa cha wapenzi wawili walioshindwa kuoana. Catherine anafariki katikati ya kitabu, baada ya kujifungua binti. Nusu nzima iliyobaki ni ya nini?

Ni ya makaratasi. Heathcliff hamchomi mtu kisu. Anahamia kwa Hindley kama mpangaji, anacheza naye karata kila usiku na kumkopesha ili aendelee kucheza, huku kila eka ikiwekwa rehani. Hindley anapokufa kwa ulevi mwaka 1784, inaonekana kwamba hakuna udongo wake ambao Heathcliff haudai. Mtoto aliyedakwa ngazini anakuwa kibarua asiyelipwa katika nyumba ya baba yake, na Heathcliff anahakikisha hafundishwi kusoma. Juu ya mlango wa nyumba hiyo limechongwa jina Hareton Earnshaw na mwaka 1500. Kijana anapita chini yake kila siku na hawezi kulisoma.

Nyumba ya pili ilihitaji subira. Wasia wa baba yake Edgar ulitaka Thrushcross Grange ipite kwa wana wa kiume wa Edgar, na wakikosekana iende kwa dada yake Isabella na wanawe kabla ya mabinti wa Edgar. Heathcliff anamuuliza Catherine mapema, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, iwapo Isabella ndiye mrithi wa kaka yake. Kisha anamtorosha na kumwoa. Hampendi hata kidogo, na anamtesa hadi anakimbia akiwa mjamzito. Mtoto anazaliwa wa kiume, mgonjwamgonjwa, jina lake Linton. Akikua kidogo baba anamchukua, kwa kuwa sasa ana kazi naye. Anambembelezea binti wa Catherine, ambaye naye anaitwa Cathy, mpaka siku anapomfungia ndani na kumlazimisha aolewe na Linton wakati baba yake yuko kitandani anakata roho.

Edgar alishaunusa mtego. Alimwita wakili wake ili fedha za binti ziwekwe mikononi mwa wadhamini, mume asizipate. Wakili alikuwa amenunuliwa na akachelewa makusudi. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mali inayohamishika ya mke ilikuwa ya mumewe. Iliwabidi wanawake wa huko kungoja sheria za 1870 na 1882 ili hali ibadilike. Linton anatishwa aandike wasia wa kumwachia baba yake kila kinachohamishika, chake na cha mkewe. Ardhi hawezi kuiachia kwa wasia kwa kuwa hajafikia umri. Heathcliff anaikalia hivyohivyo, na binti mjane asiye na fedha wala ndugu wa kumtetea hawezi kumshtaki.

Mwaka 1926 mwanasheria C. P. Sanger alichapisha kijitabu kupitia Hogarth Press, kampuni ya Leonard na Virginia Woolf, akionyesha kwamba hesabu hii yote inakubaliana na sheria ya mirathi ya kipindi cha riwaya, na kwamba tarehe za matukio zinaweza kupangwa karibu mwezi kwa mwezi. Kumbe kitabu kilichohesabiwa kuwa cha kishenzi na kisicho na mpangilio kilikuwa kimenyooshwa kama daftari la karani.

Aliyajulia wapi binti wa kasisi? Shangazi Elizabeth Branwell, kwa kweli mama mkubwa, aliwalea akina Brontë, na alipofariki mwaka 1842 aliwaachia mabinti fedha walizoziweka kwenye hisa za reli. Aliyezisimamia ni Emily, akisoma kila tangazo la reli magazetini. Kabla ya hapo aliwahi kufundisha Law Hill, karibu na Halifax, nyumba iliyojengwa na Jack Sharp. Huyo, kwa simulizi za pale, alikuwa yatima aliyelelewa na mjomba wake, akaitwaa biashara ya familia, na alipotakiwa kuirudisha kwa mrithi halali akailipiza familia kwa kumharibu kijana wao mmoja. Sidhani kama Emily aliinakili habari hiyo, lakini alilala miezi kadhaa chini ya paa lililojengwa na kinyongo cha namna ileile.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu ambayo Mwingereza hana. Kwa Kiingereza, Linton na Hareton wote wana uhusiano mmoja na Cathy, na neno ni moja. Kwetu Linton ni mtoto wa shangazi, Hareton ni mtoto wa mjomba. Ukizisoma ndoa mbili za Cathy kwa majina hayo, unaona kitabu kinavyojipinda: ndoa ya kwanza, ya kulazimishwa, inaihamisha mali ya baba kupitia kwa shangazi, ya pili, ya hiari, inamrudisha binti kwenye nyumba alikozaliwa mama yake. Mama alizaliwa Earnshaw, akaota kuwa Heathcliff, akafa Linton. Binti anazaliwa Linton, anageuzwa Heathcliff, anaishia Earnshaw.

Ndoa hiyo ya pili inaanzia kwenye kitabu. Cathy, aliyekuwa akimcheka Hareton kwa ujinga wake, anaanza kumfundisha kusoma. Jioni moja Heathcliff anaingia na kuwakuta wameinama pamoja, na wote wawili wanainua kwake macho ya Catherine. Ana kila kifaa cha kuzibomoa nyumba mbili na hakuna wa kumzuia, lakini mkono haunyanyuki. Anamwambia Nelly kwamba hata wasia hajaandika. Anatamani mali hiyo ifutike tu duniani. Anaacha kula. Asubuhi ya mvua Nelly anamkuta amekufa kwenye kitanda cha Catherine cha zamani, dirisha limeachwa wazi, shuka zimeloa. Ni dirisha lilelile ambapo mkono wa baridi wa mzuka wa Catherine ulishika mkono wa mgeni wa London mwanzoni mwa kitabu, na ambalo Cathy alilitumia kutoroka amwahi baba yake.

Aliikalia nyumba ya Wuthering Heights kama mwenye rehani tangu 1784 hadi 1802, miaka 18. Sheria ya wakati ule ilitaka 20 ili mdaiwa apoteze haki ya kukomboa. Joseph, mtumishi mzee mlokole, anapiga magoti kumshukuru Mungu kwamba mwenye mali halali amerudi kwenye mali yake.

Mwenye mali mwenyewe hakuwa na habari hiyo. Hareton alikesha kando ya maiti akilia, ameushika mkono wake, akiubusu uso ambao wengine waliogopa kuutazama. Siku ya mazishi alichimba majani mabichi kwa mikono yake, uso umeloa machozi, akayapanga juu ya udongo wa kaburi.