Lubumbashi: Mafundi wa mbabula hubuni vipya bila maabara

Katika karakana ndogo za Lubumbashi, jimboni Haut-Katanga, bati kuukuu na mapipa ya zamani hukatwa, hukunjwa na kugeuka mbabula. Ndilo jiko la makala linalopika bukari katika nyumba nyingi, hasa umeme wa SNEL unapokatika.

Karakana hizo hazina maabara wala bajeti ya utafiti. Mwalimu wao ni mteja. Mama akirudi kulalamika kwamba makala yanaisha haraka, mbabula inayofuata hutobolewa matundu madogo zaidi. Bati likiadimika, fundi hujaribu chuma kingine. Ikiuzika, jirani naye huiga.

Ujuzi huo si mgeni Katanga. Muda mrefu kabla ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, mafundi waliyeyusha shaba na kuimimina kuwa misalaba midogo iliyotumika kama feza.

Lakini jicho la fundi peke yake halipimi kila kitu. Jijini Nairobi, katika miaka ya 1980, mafundi na wataalamu walirekebisha pamoja jiko lililotoka Thailand: bati nje, udongo wa kuchomwa ndani. Joto likabaki jikoni, makala yakapungua.

Kwa Lubumbashi, ambako makala hutoka katika msitu wa miombo, akiba hiyo ni ya mfuko wa mama na ya miti pia. Udongo upo, mikono ipo. Wanaopima na wanaofua waketi pamoja.